Ka "a" kamoja ka Kiingereza kamenikatisha mshahara, walimu mlitufundisha nini?

Wakuu habari za jioni, nimekaa na hili wiki nzima nimeshindwa, acheni niseme tu.

Mimi ni mtunza stoo, kampuni yetu inauza vifaa vya hospitali kwa jumla. Mwezi uliopita glovu zilibaki boksi tatu, tatu! nimezishika kwa mkono wangu, nikamwandikia imeili saplaya wetu wa nje, "We have a few boxes left". Mimi kichwani nimelia shida hapo, nimesema zimebaki chache wahini. Jamaa kajibu vizuri kabisa, ahsante kwa taarifa, basi mzigo wenu utakuja na meli ya mbele. Tukakaa wiki tatu bila glovu, zahanati zinapiga simu mpaka zimechoka zikahamia kwa wengine, bosi akaniita akafungua ile imeili akaweka kidole juu ya ile "a". Mshahara wa mwezi huu umekatwa.

Kumbe ukisema "few" unalalamika kwamba hazitoshi, ukitanguliza "a" unamwambia mtu zipo zipo, asiwe na presha. "Little" na "a little" vilevile. Sasa mimi nimesoma sekondari miaka minne, masomo yote Kiingereza ukitoa Kiswahili, na ubaoni mwalimu aliandika few = chache, a few = chache, tukanakili, tukajaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye mtihani tukapewa vema.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kinayo tofauti hiyohiyo! Bibi yangu hajui hata herufi moja ya Kiingereza lakini ukimuuliza unga upo, akikujibu "haba" unajua leo mnalala njaa, akikujibu "si haba" unajua ugali utapikwa. Mwalimu angesema "a few" ndiyo si haba yetu, darasa zima tungeelewa siku hiyohiyo na tusingesahau mpaka tunazikwa.

Na si hilo tu. Shortage, lack, scarce, rare, zote tuliambiwa ni "uhaba", wakati sisi wenyewe tuna upungufu, tuna ukosefu, tuna uhaba, tuna adimu, na hakuna anayezichanganya akiwa sokoni. Mwenzangu wa stoo ripoti zake zote anaandika glovu ni "rare". Rare ni tanzanaiti, inayochimbwa Mererani tu dunia nzima! Glovu zimejaa duniani, ni sisi ndo hatuna, hiyo ni "shortage", na anayesoma ripoti akiona rare anadhani viwanda vimefungwa anaanza kutafuta kitu mbadala.

Walimu wa Kiingereza mliomo humu nawauliza bila kuzunguka, mpaka leo bado mnaandika chache = chache ubaoni? Maana mdogo wangu yupo kidato cha pili, jana nimefungua daftari lake nimeikuta ileile.