Orodha ya mtaji kudai kadi ya chanjo ya korona: tujibu nini kwenye mkutano wa mtaa? (Goma, Kongo)

MamaSambaza (Machi 2022)
Ndugu zangu, hamjambo. Naomba shauri, na tafadhali msigeuze uzi huu kuwa ubishi wa kama korona ipo au haipo.

Mimi ni mwandishi wa kikundi cha akina mama wa soko. Karibu wote tulikuwa tunavuka Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa jetoni (kikaratasi cha ruhusa ya kuvuka) kila asubuhi. Mpaka ulipofungwa Machi 2020, mtaji ukaliwa nyumbani. Mwaka uliofuata tukaanza kuinuka, Nyiragongo ikalipuka tarehe 22 Mei, na tarehe 27 tukaambiwa tuhame: wengine Sake, wengine Bukavu, wengine Gisenyi. Kurudi, mzigo umeoza au umebebwa. Sasa kuna shirika linalotaka kutoa mtaji mdogo wa kuanzia upya, na limewaachia viongozi wa mtaa kazi ya kuandika majina.

Juzi nyumba kumi wetu, yaani kiongozi wa nyumba zetu kumi, alipita na daftari. Amepiga mstari kwa rula katikati ya ukurasa: kushoto "ana kadi", kulia "hana". Wa kushoto ndio watakaotangulia, anasema ni agizo kutoka juu. Juu wapi? Hajui. Kwetu wenye kadi ni wachache. Mimi nimechanjwa, na wenzangu wameanza kuniangalia kana kwamba nimekula njama na wakubwa. Mkutano ni Alhamisi. Nisimame niseme nini?

BabaMajengo
Kataeni yote. Hiyo chanjo ya AstraZeneca Wazungu waliisimamisha kwao. Dozi milioni 1.7 zilifika kwetu Machi 2021, zikakaa, nyingi zikapelekwa nchi nyingine. Kama ni nzuri, mbona hatukuzitumia?

MuuguziKarisimbi
Papa, simulia mpaka mwisho. Zilikaa kwa sababu serikali ilingoja habari kwamba inagandisha damu ichunguzwe kwanza, na ikaonekana ni jambo la nadra sana. Chanjo ilipoanza kutolewa tarehe 19 Aprili, muda wa dozi ulikuwa unakaribia kuisha, ndipo zaidi ya milioni 1 zikagawiwa nchi nyingine za Afrika zisije zikatupwa. Ghana na Madagascar walipokea.

Mama Sambaza, mimi kazi yangu ni kuchanja watu na bado nasema huo mstari ufutwe. Chanjo hapa kwetu ni ya hiari. Mama akichanjwa kwa ajili ya mtaji, kesho akiumwa kichwa tu atasema ameuzwa, na mtaa mzima utamsikia yeye, si mimi. Tena mwanzoni mwa mwaka huu waliokamilisha chanjo nchi nzima hawajafika hata 1 kwa 100. Ukiona sharti ambalo karibu kila mtu amelikosa, ujue kuna ndugu wa mtu wanapitishwa.

MpitaMpaka
Niko Gisenyi. Mpaka umefunguliwa tena tarehe 7 mwezi huu, lakini huku ili kupanda basi au kuingia penye watu wengi wanadai uwe umekamilisha chanjo. Kwa hiyo anayetaka kurudia biashara ya ng'ambo, kadi itamsaidia, na mumwambie hivyo wazi. Mama mmoja ninayemuuzia nyanya huikunja kadi yake kwenye pindo la kitenge pamoja na noti za Rwanda, wala hanung'uniki, maana anajua inamfikisha wapi. Lakini hiyo ni sheria ya Rwanda kwa anayeingia Rwanda. Mama anayeuza lengalenga soko la Virunga, hapo hapo Goma, inamhusu nini?

YayaKadutu
Salamu kutoka Bukavu. Dada, hapo penye "agizo kutoka juu" ndipo pa kushika. Uamuzi rasmi wa meya hutoka kwa arrêté, yaani amri ya maandishi: ina namba, tarehe, saini na mhuri. Ila angalia unavyouliza. Hatuna madiwani tuliowachagua wa kukusemea kwenye komini (manispaa za ndani ya mji), viongozi wake wote wanateuliwa, na ninyi huko tangu Mei 2021 mko kwenye état de siège, utawala wa dharura wa kijeshi: gavana mwanajeshi, meya polisi. Ukimgombeza nyumba kumi mbele ya watu utaitwa mchochezi. Mwambie tu, "Papa, tunaomba utusomee hiyo karatasi." Kisha unyamaze. Asipokuwa nayo, kila mtu ataona.

Halafu nendeni moja kwa moja kwenye lile shirika mkaulize masharti yake. Mara nyingi mwenye pesa hajui yaliyoongezwa njiani.

BabaMajengo
Hapo kwa karatasi nakubali. Kwa sindano bado.

MamaKituku
Mmesahau 2019? Julai yule mchungaji alipofika na basi kutoka Butembo akiwa na Ebola, watu walisema ni biashara ya wakubwa. Kwenye avenue yetu waliolainika walilainika siku muuguzi alipokaa chini ya mwavuli wa muuza sambaza akajibu maswali mpaka jua likazama, hata ya kijinga. Ombeni waganga, yaani madaktari na wauguzi, waje sokoni hivyo hivyo. Lakini siku nyingine na meza nyingine, isikaribiane na ya majina.

MamaSambaza
Asanteni sana, hata Papa wa Majengo. Nitaomba karatasi kwanza, kwa upole. Nikiulizwa tuchague vipi wa kutangulia, nitatoa daftari letu la likelemba, mchango wetu wa kupeana kwa zamu: linaonyesha nani alikuwa anachanga kabla ya Machi 2020 na nani aliacha kuchanga baada ya volkano. Hilo haliwezi kuandikwa usiku mmoja. Habari ya waganga kuja sokoni nitaisema mwishoni, watu wakishatulia.

Limebaki moja. Barua ya kuliuliza shirika masharti yake lazima iwe ya Kifaransa, na changu ni cha sokoni. Nani atanisaidia kabla ya Jumatano?

YayaKadutu
Iandike kwa Kiswahili unitumie pembeni. Na usisahau kuacha nafasi ya saini za akina mama wote, wenye kadi na wasio nayo, zikiwa zimechanganyika.