Kikundi cha «Wa Nyumbani Wundanyi»: gari la kumpeleka Baba kliniki

Dada Wakesho, saa 12:40 jioni
Habari za jioni, ndugu zangu. Dalali anataka jibu kufikia Ijumaa, kwa hivyo naomba tuamue leo. Magari ni mawili, yote Hyundai Ioniq 5 za mwaka 2022 kutoka Uingereza, usukani kulia, betri ya uniti 77.4 za umeme. La kwanza lina mota moja nyuma, na ni magurudumu ya nyuma pekee yanayosukuma. La pili lina mota mbili, linasukuma kwa magurudumu yote manne, na bei yake imezidi kwa shilingi laki nne. Mimi nachagua la pili. Anayepinga aseme sasa, asingoje hadi gari liwe bandarini Kilindini.

Dada Wakesho, saa 1:25 usiku
Naona watu kumi na mmoja mmesoma. Kusoma si kujibu.

Kaka Mwadime, saa 1:31 usiku
Napinga, na si kwa sababu ya bei tu. Katika vipimo vya Marekani vya mwaka huo, gari la mota moja lilipewa maili 303 kwa chaji moja, yaani kilomita 488 hivi, na la mota mbili likapewa maili 256, yaani kilomita 412, ilhali betri ni ile ile. Kutoka Mombasa hadi nyumbani ni kilomita mia mbili hivi, lakini ni safari ya kupanda: kulinyanyua gari la tani mbili, pamoja na abiria, kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,400 hula karibu uniti nane hata kabla hujahesabu upepo na mwendo. Mkiteremka sehemu yake hurudi betrini, si yote. Anayetaka kwenda na kurudi bila kusimama Voi kutafuta chaji atazihitaji hizo kilomita sabini na kitu.

Dada Wakesho, saa 1:36 usiku
Hakuna anayekwenda na kurudi siku moja. Gari litalala nyumbani na litachajiwa usiku kucha kwenye soketi ya kawaida.

Kaka Mwadime, saa 1:39 usiku
Soketi ya kawaida hutoa uniti mbili na nusu hivi kwa saa. Kwa saa kumi utapata ishirini na tano, iwapo stima haitapotea, na stima ya kule unaijua.

Mkala, saa 1:44 usiku
Naomba kuuliza kwa heshima: Probox ya steji hupanda pale kila asubuhi na abiria tisa, magunia ya kabeji na mbuzi wa Shangazi. Je, kuna aliyewahi kuiuliza inasukuma kwa magurudumu mangapi?

Mwanaidi, saa 1:45 usiku
Mbuzi yule hakulipiwa nauli hadi leo.

Dada Wakesho, saa 1:52 usiku
Mkala na Mwanaidi, tafadhali. Mvua za Novemba teksi iliserereka kwenye ile kona ya juu, Baba akiwa ndani, hadi vijana wakatoka shambani kuisukuma huku yeye amekumbatia faili yake ya hospitali kifuani. Udongo ule ukilowa ni sabuni. Magurudumu mawili yakiteleza, nataka mawili mengine yawe yameshika.

Mwakio (Leeds), saa 3:10 usiku
Samahani, ndiyo kwanza natoka kazini. Mimi naendesha la kusukuma nyuma, na theluji ya huku nimeimudu kwa matairi ya baridi. Betri iko sakafuni, uzito umegawanyika karibu sawa mbele na nyuma, kwa hivyo halichezi nyuma kama pikapu tupu, na kompyuta huipunguzia mota nguvu mara tu gurudumu linapoanza kuteleza. Hata hivyo, Dada ana haki: kwenye kipando chenye tope, mota mbili husaidia kweli. Kwenye mteremko mambo ni tofauti, kwa kuwa kila gari hufunga breki kwa magurudumu manne, liwe na mota moja au mbili. Jambo la kuangalia ni kwamba la mota moja, linaporudisha umeme betrini, hushikilia kwa magurudumu ya nyuma peke yake, na njia ikiteleza ni bora dereva aipunguze nguvu hiyo kwa vile vidude vya nyuma ya usukani. Tena yote mawili yana sentimita 16 tu kutoka ardhini. Likikalia tumbo kwenye tuta la katikati, mota ya pili haitawasaidia kitu.

Dada Wakesho, saa 3:18 usiku
Umeitaja pikapu, na mimi nilikuwa nimenyamaza. Ile tuliichangia sote, ikalala Changamwe kule Mombasa, na kila Baba alipoihitaji iko gereji.

Kaka Mwadime, saa 3:20 usiku
Hilo tulilimaliza siku ya matanga ya Mama.

Dada Wakesho, saa 3:20 usiku
Mlilimaliza ninyi.

Mkala, saa 3:23 usiku
Basi kila ndugu achangie gurudumu lake, na mwenye pikapu apewe la akiba.

Shangazi Mghoi, saa 3:41 usiku
Hamjambo, wanangu. Mjukuu amenisomea yote, naye ndiye anayeniandikia. Mimi ndiye ninayemshika kaka yangu mkono kutoka mlangoni hadi barabarani. Hakuna gari kati ya hayo litakalopita pale penye mkuyu, kwa sababu maji yamekula nusu ya njia tangu mwezi uliopita, na sikuwaambia kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Hizo laki nne mnazogombania zileteni zijengwe kalvati, na kile kipando kimwagiwe mistari miwili ya zege ya kupitisha matairi. Na gari lisilale Changamwe.

Kaka Mwadime, saa 4:02 usiku
Shikamoo, Shangazi. Tumesikia.

Dada Wakesho, saa 4:05 usiku
Shikamoo, Shangazi. Nitamwomba dalali atungoje hadi Jumatatu. Sijasema nimekubali mota moja, kwa sababu kutoka kwa mkuyu hadi lami bado kuna udongo mtupu, na zege haifiki huko. Nani atakwenda Jumamosi na fundi kupima hicho kipando? Na likishanunuliwa, funguo zitakaa kwa nani?

Mkala, saa 4:06 usiku
Probox iko tayari kubeba saruji.

Dada Wakesho, saa 4:30 usiku
Nimeuliza nani atakwenda Jumamosi.

Dada Mkamburi, saa 12:15 asubuhi
Samahani, nimesoma sasa hivi. Jumamosi nina zamu. Ila mjue kwamba soketi ya pale nyumbani haina waya wa ardhi, na kebo za magari haya nyingi hukataa kuchaji zisipouona. Fundi wa stima naye amehesabiwa katika hizo laki nne?