Mjadala: Je, Shelisheli inahitaji kikosi cha makomando?

Mtoa hoja: Naiweka hoja hii mezani nikijua si wote watakaoipokea. Shelisheli, nchi yenye watu wapatao laki moja, haina budi kuwa na kikosi maalumu cha majini, kidogo kwa idadi lakini kilichoiva kwa mafunzo. Nchi kavu yake yote ni kilomita za mraba 455 tu, ilhali eneo lake la kiuchumi baharini linazidi kilomita za mraba milioni 1.3, na bahari ya ukubwa huo hailindwi kwa wingi wa askari, maana askari wenyewe hawapo. Maharamia wa Kisomali walipoyasogelea maji hayo, meli moja ya doria, Topaz, iliyotolewa na India, ndiyo iliyowaokoa mateka 27 mnamo Machi 30, 2010, sita kati yao wakiwa wavuvi wa Shelisheli. Wangesubiri manowari za mataifa makubwa, wangesubiri sana.

Mchangiaji: Ndugu mtoa hoja, ya baharini nakuachia. Ninachokitilia shaka ni imani kwamba makomando ndio kinga ya taifa dogo. Novemba 25, 1981, mamluki zaidi ya 40 wa Mike Hoare, waliokuja kuipindua serikali, walishuka uwanja wa ndege wa Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, wakijifanya chama cha wanywaji bia, mabegi yao yakiwa na vitu vya kuchezea watoto juu na bunduki chini. Aliyewaumbua ni ofisa wa forodha, aliyefungua begi na kukuta silaha. Mapigano yakalipuka hapohapo uwanjani, na wengi wao wakaishia kuiteka ndege ya Air India iwapeleke Durban, Afrika Kusini. Mshahara wa ofisa yule, nadhani, haukutosha hata kununua buti za komando.

Tena kuna la kutisha zaidi. Agosti 1982 sehemu ya jeshi lenyewe la Shelisheli iliasi, na uasi ukazimwa kwa msaada wa askari wa Tanzania. Kwa majirani, Komoro, Rais Ahmed Abdallah alilindwa na Walinzi wa Rais waliokuwa chini ya Bob Denard, mamluki aliyemrudisha madarakani mwaka 1978, kikosi kilichogharimiwa na Afrika Kusini na kilicholizidi nguvu jeshi la nchi. Novemba 1989 Abdallah aliuawa ndani ya ikulu hiyohiyo waliyokuwa wakiilinda.

Mtoa hoja: La Komoro nalipokea, ingawa wale walikuwa chini ya wageni wa kulipwa, nami nasemea raia waliokula kiapo. Basi naongeza sharti: kikosi kiwe chini ya mkuu wa majeshi, wala si ikulu, bajeti yake ipite bungeni, na kambi yake iwe bandarini, mbali na makazi ya rais.

Mchangiaji: Na forodha?

Mtoa hoja: Forodha ipewe fungu lake kwanza. Hapo hatugombani.