Binti aliyelelewa bila baba: macho makavu kayatoa wapi?

Mwana wa Langoni: Kwenye darsa ya juzi tuliambiwa binti asiye na baba nyumbani huwa macho makavu, hana haya mbele ya wanaume. Kweli, au ni kuwasimanga mama zao tu?

Pwani Moja: Kweli. Kuna mama wa Marekani alilitafiti hilo, miaka ya sitini nadhani, akakuta wanajisogeza kwa wanaume.

Mkufunzi: Ni 1972, anaitwa Mavis Hetherington, nawe umesoma nusu. Makundi 3, wasichana 24 kila kundi, umri 13 hadi 17: baba yupo, wazazi wameachana, baba amekufa. Chumba cha mahojiano kilikuwa na viti 3. Mhoji akiwa mwanamume, wa talaka walielekea kukaa karibu naye, wa wajane wakakimbilia kiti cha mbali. Akiwa mwanamke, tofauti hiyo haikuonekana. Wote hao hawana baba! Ingekuwa ni kukosa baba tu, wangetoka sawa. Itazame talaka yenyewe: pesa zimepungua, nyumba imehamwa, na mama kila akikasirika, "umefanana na babako!" Isitoshe, walikuwa vifungua mimba wasio na kaka. Hapa Amu (Lamu) nyumba ya hivyo utaitafuta kwa taa.

Bi Shela: "Wa talaka", "wa wajane", mwatupima kama dagaa sokoni. Huku nyumba ni ya mama, na mjomba yumo. Ndiye amleaye binti, ndiye amsomeshaye, ndiye amwozaye.

Dau la Matondoni: Amwoza kwa lipi? Mjomba si walii, yaani msimamizi wa binti katika ndoa. Walii ni baba, babu mzaa baba, kaka wa baba na mama, kaka wa baba, watoto wa kaka, kisha ami, kisha wana wa ami. Wakikosekana, kadhi.

Bi Shela: Nazungumza malezi, waniletea fikihi. Karo alilipa ami gani?

Dau la Matondoni: Neno "amwozaye" umelitia wewe, bibi.

Pwani Moja: Na baba akiwa Maskati, babu hushika nafasi yake, yamekwisha.

Dau la Matondoni: Hayajesha. Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi, baba akiwa hai na yuko mbali kiasi cha msafiri kuruhusiwa kupunguza sala, uwalii hauendi kwa babu, waenda kwa kadhi. Au baba atoe uwakala, hata kwa huyo mjomba: amtaje yeye kwa jina, binti kwa jina, bwana harusi kwa jina, na mashahidi 2 wasikie pasije pakawa na ubishi. Waharibuo ni wale waanzao kuitafuta namba yake ya simu pilau imeshapangiwa siku.

Bi Shela: Ehee! Namba yapatikana siku ya mahari, siku ya karo haipatikani. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, yasema baba na mama wana wajibu sawa, wameoana hawakuoana. Hilo darsani hamkulisikia?

Mkufunzi: Na binti aliyeambiwa miaka 20 kwamba baba ni mtu bure, leo aambiwa bila idhini ya baba huyo hakuna nikaha. Hapo mwapima haya ya nani?

Mwana wa Langoni: Jamani, mimi niliuliza habari ya macho makavu.

Pwani Moja: Dau, uwakala kwa simu ya video wasihi?