Tuwashukuruje wazoa taka wa mtaani kwetu? Naomba ushauri

Habari za majukumu, wakuu. Naishi Tabata, Dar es Salaam. Taka za mtaa wetu huzolewa na vijana wawili na mama mmoja, wanasukuma mkokoteni alfajiri. Mama anabeba viroba kwa mikono mitupu. Juzi nilimwona kidole kimefungwa kitambaa, chupa iliyovunjika ilikuwa imetoboa kiroba. Humohumo watu wanatupa nyembe, sindano na pampasi! Alikaza kile kitambaa kwa meno, akavuta kiroba kingine. Wasipopita wiki moja tu nzi wanajaa hadi jikoni, lakini wakisalimia wanaoitikia ni wachache.

Ada tunamlipa mkandarasi, hivyo shukrani yetu haiwafikii wao. Majirani kadhaa tuko tayari kuchanga. Mimi naona tuanze na glovu nene na gambuti, pia tuwagharamie chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B. Jirani mmoja anataka wapewe pesa mkononi wajipangie wenyewe, na ana hoja. Mwingine anataka tuwaite kwenye kikao cha mtaa tuwapongeze hadharani. Hapo nasita, mama wa watu asije akaona aibu.

Mliowahi kufanya jambo kama hili, mlianzaje bila kuwadhalilisha? Halafu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Tukinunua sisi, mkandarasi si atajivua jukumu? Tumbane kwanza kupitia serikali ya mtaa, au hiyo itawaponza kazini?