Kwa nini lenzi ya hadubini ya mara 100 huhitaji mafuta?

Muulizaji, Mbale: Ndugu zangu, ninapotafuta vimelea vya malaria kwa lenzi ya mara 100 bila tone la mafuta kati ya lenzi na kioo cha sampuli, kwa nini picha hufifia?

Jibu, Gulu: Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda, na miale ya pembeni, ambayo ndiyo hubeba umbo la vitu vidogo kabisa, huikosa lenzi; lakini mafuta hupindisha mwanga karibu sawasawa na kioo, hivyo miale hiyo hufika.

Jibu, Jinja: Naongeza kwamba mwaka 1873 Ernst Abbe wa Ujerumani alionyesha kuwa urefu wa mawimbi ya mwanga wenyewe huweka mpaka wa udogo wa kitu kinachoweza kuonekana waziwazi, takriban nanomita 200 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), hata lenzi ingesuguliwa kwa ustadi gani.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nimeweka tone, na pete ya buluu yenye kidoa chekundu, yaani kimelea chenyewe, imeonekana waziwazi.