Jawbone, muvi ya ngumi ya Waingereza: niicheki?

Mkuyuni_boy: Wakuu, Mwanza mvua haikatiki, jamaa wa kibanda kanirushia Jawbone ya 2017 kwenye flashi, ngumi zipo au maneno tu?

Sangara: Zipo ila subiri mwishoni, hapo utapenda, aliyewanoa waigizaji ngumi ni Barry McGuigan, yule bondia aliyempiga bingwa wa dunia Pedroza 1985.

DadaKirumba: Mi nililia jamani. Jamaa wa kwenye muvi pombe imemshika, hana pa kulala, anarudi jimu ya utotoni anajibanza humo usiku, na Johnny Harris kaandika mwenyewe akaigiza mwenyewe, ulevi kaupitia kweli so haigizi kuyumbayumba kama walevi wa bongo muvi (samahanini mashabiki).

Mkuyuni_boy: Aah dada, mi nataka vichapo, kulia wapi tena.

Sangara: We icheki tu, mwenye jimu kaigiza Ray Winstone huyo.